Siku Niliposoma Maneno Yangu Kwenye Kadi za Watoto

Walimu wangu wadogo, tangu nistaafu mmeniandikia mara nyingi. Mnataka mazoezi ya darasani, yale ya kumfanya mtoto aache kusema "mimi siwezi" na aanze kusema "wacha nijaribu hivi." Mmoja wenu aliyeajiriwa majuzi huko mtaa wa Karen aliniandikia: "Mwalimu Muthoni, nitumie orodha tu, nitaichapisha." Orodha ninayo. Siwezi kuituma peke yake, kwa sababu zoezi la kwanza kwenye orodha hiyo liliniangusha mbele ya watoto thelathini na wanane, na sitaki mlianze mkidhani ni mchezo wa kusukuma kipindi.

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Mwanzoni katikati ya jiji, kwenye shule ambayo ukifungua dirisha unasikia wauzaji wa viatu wakiitana, halafu upande wa Spring Valley, ambako kelele kubwa ilikuwa mashine ya kukata nyasi. Nilifundisha kwa Kiingereza kama vitabu vilivyotaka, lakini mzaha, ugomvi na kuelewana tulifanya kwa Kiswahili cha Nairobi. Na mzaha ulikuwa mali yangu. Darasani kwangu watoto walicheka. Wazazi waliniambia, "Mwalimu, wewe unafanya hesabu iwe tamu." Niliyaamini hayo kabisa.

Sasa, semina. Mwaka wangu wa mwisho kazini tulipelekwa ukumbi mmoja Kilimani, tukapewa chai na samosa, kisha akasimama msichana mdogo mwenye tarakilishi akaanza kutueleza habari ya "mtazamo wa ukuaji." Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nasahihisha madaftari. Nilifikiri anazungumzia urefu wa watoto na lishe. Nilipoinua kichwa, alikuwa anasema kwamba mtoto anayeamini akili inajengwa hufanya kazi tofauti na yule anayeamini aligawiwa akili yake siku aliyozaliwa, ikaisha hapo. Nikamnong'oneza Mwalimu Nasreen, jirani yangu wa sayansi, "Huyu amefundisha miaka mingapi?" Nasreen hakucheka. Aliandika kila kitu.

Alitupa mazoezi manne. Nilichagua moja, tena kwa sababu mbaya: Jumanne iliyofuata nilikuwa na mafua, sauti imekwisha, na zoezi la kadi halikuhitaji mwalimu azungumze sana.

Linafanywa hivi. Unakata karatasi ngumu ya manila vipande vidogo, kila mtoto kimoja. Anaandika sentensi moja ambayo mtu alimwambia kuhusu masomo yake na hajaisahau. Haandiki jina lake wala la aliyesema. Kadi zinaingia kwenye kopo, mwalimu anazisoma moja moja, na darasa linatafuta jibu la kuipa sentensi hiyo. Nilikuwa na uhakika nitakutana na wazazi humo ndani. Nilikuwa hata nimeandaa hotuba fupi kuhusu wazazi.

Gredi ya saba, baada ya mapumziko. Kadi ya kwanza: "Shosho alisema nina kichwa kama ya babu, ngumu lakini inabeba." Tukacheka. Ya pili: "Uncle alisema wasichana wa kwetu hawajui hesabu." Darasa likamjibu mjomba huyo vizuri sana. Nikaona mambo yanakwenda. Nikatoa ya tano au ya sita, mwandiko mdogo ulioinamia kushoto, nikasoma kwa sauti yangu ya kukwaruza:

"Ulizaliwa hesabu ikiwa imeshaondoka."

Nilishtuka. Niliweka kadi juu ya meza nikavua miwani. "Jameni," nikasema, "kuna mtu mzima alimwambia mtoto hivi? Ana moyo kweli? Mwenye kadi asijitaje, lakini huyo mtu mimi ningependa kukutana naye uso kwa uso."

Hakuna aliyecheka. Nilingoja wacheke, au wamkemee, kama walivyomkemea yule mjomba. Thelathini na wanane waliangalia madawati. Nikasikia mtu akivuta kamasi. Kisha karibu na dirisha msichana anayeitwa Wambui, mtoto asiyenyoosha mkono kamwe kwenye kipindi changu, akasema polepole:

"Mwalimu, si ni wewe."

"Mimi?"

"Ni wewe ulisema."

"Mimi? Nilisema lini?"

"Tem ya kwanza. Ile siku ya frakshen. Ulikuwa na ile sweta yako ya maroon. Ulisema Jasleen alizaliwa na hesabu, halafu ukasema mimi nilizaliwa hesabu ikiwa imeshaondoka. Watu wakacheka." Akageukia dirisha. "Hata mimi nilicheka."

Sikukumbuka. Hilo ndilo linalonishtua zaidi hadi leo. Nilijitafuta kichwani nikimtafuta mwanamke mwenye sweta ya maroon akisema maneno hayo, sikumpata. Lakini sweta ninayo. Na maneno yalikuwa ya kwangu, nayajua mapigo yake, ni mzaha wangu kabisa, ule wa kupindua sentensi mwishoni ili darasa liangue kicheko. Nilikuwa nimemtupia mtoto jiwe, nikaendelea na somo, naye akalibeba miezi mitano.

Ningeweza kufunga kopo. Nawaambia ukweli, mkono ulikwenda kwenye kifuniko. Ila watoto walikuwa wananiangalia sasa, wote, na nikaona nikifunga nitakuwa nimewathibitishia. Nikaendelea kusoma.

"Wewe kaa nyuma, usiwasumbue wanaoelewa." Hiyo ilikuwa yangu, niliitambua kabla sijaimaliza. "Hii ni rahisi, hata mtoto wa nasari anaweza." Yangu. "Utauza nguo vizuri sana, hapo kuhesabu ni kwa mashine." Yangu, Mungu anisamehe, na nilidhani nilikuwa namtia moyo. Kati ya kadi thelathini na nane, tisa zilikuwa zangu. Wazazi wote wakiwekwa pamoja walikuwa na saba.

Karibu na mwisho ikaja kadi yenye mwandiko safi kama wa kitabu: "Wewe hukosei."

Nikapumua. Nikasema, "Haya, angalau hii ni nzuri. Hii tuijibu vipi?"

Jasleen akasimama. Alikuwa namba moja wangu, mtoto wa Bwana Hardeep, mwenye duka la vipuri mjini. Tangu gredi ya nne hakuwahi kushuka. Kila Ijumaa nilisoma majina kwa alama za kazi za wiki, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kila Ijumaa nilianza na lake nikisema, "Huyu alizaliwa nayo, hakosei." Alisimama, akaweka mkono mdomoni, akatoka mbio huku analia, na mlango ukajigonga nyuma yake.

Hapa inabidi niwaeleze jambo lililokuwa limetusumbua muhula mzima. Jasleen alikuwa anaumwa tumbo. Alikuwa amekosa mitihani mitatu mfululizo. Asubuhi ya mtihani anatapika, wanampigia baba yake, anachukuliwa. Walikuwa wamezunguka kwa madaktari, damu imepimwa, picha zimepigwa, hakuna kilichoonekana. Jumatatu iliyokuwa inakuja alikuwa alazwe wamwingize kamera tumboni. Mimi mwenyewe ndiye niliyewahimiza wazazi: msilichezee tumbo la mtoto.

Nilimwachia kiranja darasa nikamfuata. Nilimkuta kwenye mabomba ya kunawia, maji yanatiririka na yeye hanawi.

"Jasleen, mama. Unaumwa?"

"Sijui, mwalimu."

"Ile kadi ni yako?"

Akatikisa kichwa kukubali. Nikafunga bomba. Tukakaa kwenye ukingo wa saruji. Nilitaka kumwambia maneno ya kumtuliza, lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimeanza kuuogopa mdomo wangu, kwa hiyo nikanyamaza, na ukimya huo ndio uliomfungua.

"Kila Ijumaa unasema nilizaliwa nayo," akasema. "Mimi sikuzaliwa nayo. Mimi nasomanga mpaka kichwa inauma. Halafu nikiona mtihani nafikiria, leo ndio watajua."

"Watajua nini?"

"Ati mimi nakosea." Akajifuta uso na tai ya shule. "Sasa nikikosea hata moja, mwalimu, mimi nitakuwa nani?"

Niliguswa na ile ya Wambui kama mtu aliyepigwa kofi. Hii ya Jasleen sikuwa na pa kuiweka. Tusi naelewa linaumiza. Lakini sifa? Miaka yote hiyo nilikuwa nimegawa sifa kwa mikono miwili nikijua natenda wema. Na hapa palikuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili anayekaribia kuingizwa mpira wenye kamera tumboni kwa sababu, labda, ya sifa zangu.

Saa ya chakula nilimweleza Nasreen kila kitu. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Muthoni, wewe mwenyewe ungepewa kadi ungeandika nini?"

Nikajibu bila kufikiri. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mkuu wa idara yetu pale mjini, Mwalimu Karanja, mtu aliyenifundisha kupanga ubao, kusahihisha haraka, na ile orodha ya Ijumaa, alikaa nyuma ya kipindi changu. Kilipoisha aliniambia, "Sauti yako ni ya nasari, si ya hesabu." Nimepaza sauti tangu siku hiyo. Miaka thelathini na mmoja, koo limeharibika, na kila Januari nilikuwa kwa daktari wa koo. Nikasikia mwenyewe nilichokisema: sentensi moja, na nimeibeba miaka yote hiyo.

Bwana Hardeep alikuja kesho yake kutoka dukani, mikono bado ina grisi. Nilimweleza kadi, mabomba, orodha za Ijumaa. Alinisikiliza amenyooka kama mti.

"Mwalimu," akasema, "tumeenda kwa madaktari watatu. Mama yake halali. Na wewe sasa unaniambia dawa ni binti yangu akosee?"

"Sikuambii usiende hospitali. Nakuomba umweleze daktari haya niliyokueleza, yeye ndiye aamue. Na nakuambia kwamba kosa, kwa sehemu, ni la kwangu."

"La kwako." Alirudia kama mtu anayeonja kitu. "Mimi pia namwambia hivyo nyumbani. Kila siku. Nasema huyu wetu hakosei." Akakaa chini. Hakuwa amekaa tangu aingie. Tulikaa hapo watu wazima wawili, kila mmoja amekodolea macho mikono yake.

Daktari aliwasikiliza, akaahirisha ile kamera, akamtafutia Jasleen mtu wa kuzungumza naye.

Ijumaa ikafika. Darasa lilikaa tayari kwa orodha. Nikasimama nikawaambia hakutakuwa na orodha, leo wala siku nyingine, kisha nikaomba msamaha. Sikusema "kama nilimkosea mtu." Nilizisoma kadi zangu zote tisa na ile ya kumi ya sifa, nikasema kwa kila moja, "Hii niliisema mimi, na haikuwa kweli." Mtoto mmoja mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, unaenda wapi? Unahama?" Mwingine akauliza kama ninaumwa. Hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akiomba msamaha. Walidhani ni kitu mtu hufanya akikaribia kufa.

Kisha nikaanza lile zoezi la pili la yule msichana wa semina, Kosa la Wiki. Mlitumie hivi. Chagua kosa ambalo ndani yake kuna mawazo, si la uzembe. Liandike ubaoni bila jina. Kabla ya kuuliza "amekosea wapi," uliza "huyu alikuwa anawaza nini?" Wiki ya kwanza toa kosa lako mwenyewe, tena la kweli, watoto wananusa kosa la kuigiza kutoka mlangoni. Na usitumie kosa la mtoto bila kumwomba.

Wiki ya tatu Wambui alikubali nitumie lake. Ni lile lile la siku ya sweta: nusu kujumlisha theluthi, akapata mbili juu ya tano. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nimelipiga mkasi wa kalamu nyekundu kosa hilo maelfu ya mara. Nikauliza, huyu alikuwa anawaza nini? Halafu Wambui mwenyewe akasimama, ingawa hakuhitajika kujitaja.

"Ni kama netiboli, mwalimu. Nikirusha mara mbili niingize moja, halafu nirushe mara tatu niingize moja, si nimeingiza mbili kwa tano?"

Nikashika meza. Ni kweli! Mnaona? Mbili kati ya tano, hesabu sahihi kabisa, ila ni jibu la swali jingine. Mtoto alikuwa anahesabu mitupo yake, mimi nilikuwa nakata nusu na theluthi ya mkate mmoja, na katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Tulitumia kipindi kizima kutenganisha mitupo na mkate. Jasleen ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote, kwamba mbona kwenye mkate jibu linazidi nusu na kwenye netiboli linashuka chini ya nusu, na alipojaribu kulijibu alikosea, ubaoni, mbele ya wote. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Akafuta, akajaribu tena. Wambui akamwelekeza.

Msidhani mambo yalinyooka. Mtihani uliofuata Jasleen alitapika tena. Tofauti ni kwamba alinawa, akarudi, akamaliza nusu ya karatasi. Neno "bado," ambalo lilikuwa zoezi la tatu, liligeuka kichekesho: nilipowafundisha waseme "sijaelewa bado," wiki iliyofuata nusu ya darasa iliniambia, "Mwalimu, sijafanya kazi ya nyumbani bado." Na ulimi wangu mimi ulirudia ya zamani. Siku moja nikasema, "Hii ni rahisi, twende," na mara nikaona mtoto mmoja nyuma akiweka kalamu chini. "Hii ni rahisi" ni sumu. Anayeweza hajapata kitu, na anayeshindwa umemwambia kwamba ameshindwa hata na kitu rahisi. Semeni, "Hii itatuchukua muda." Na mkisifu, sifuni kilichofanyika: umejaribu njia tatu, umechora kwanza, umerudi kuangalia. Mtoto anaweza kukirudia hicho kesho. Kuzaliwa hawezi kurudia.

Wambui hakuwa namba moja. Hakukuwa na namba tena, lakini naweza kuwaambia alitoka pale pa kuacha karatasi nyeupe akafika pa kujaza ukurasa mzima, hesabu nyingi zikiwa na makosa, na baadaye chache. Jasleen alimaliza mwaka kwa kuandika kila mtihani. Mimi nikastaafu.

Mwezi uliopita nilikuwa supamaketi moja Kilimani, sehemu ya mboga, msichana mrefu akanisalimia. Nilichukua muda kumtambua. Wambui, gredi ya kumi sasa, anachezea timu ya shule. Tukaongea habari ya nyumbani kwao, habari ya Jasleen, ambaye bado wanaandikiana. Kisha nikamuuliza lile ambalo sikutakiwa kuuliza, kwa sababu nilitaka kusikia jibu zuri.

"Wambui, yale maneno niliyokuambia. Umeyasahau, sivyo?"

Aliniangalia kwa upole, kama mtu anayetafuta namna ya kutoniumiza.

"Hapana, mwalimu. Nikipata hesabu ngumu huwa nayasikia, hata sauti yako." Akainama kuniokotea kitunguu kilichonidondoka. "Lakini pia nakumbuka ile Ijumaa ulisema haikuwa kweli. Ziko sauti zote mbili. Ile ya kwanza inakujanga yenyewe. Ile ya pili ndio mimi huwa naiita."

Alinibebea kikapu hadi mlangoni, akaniaga, akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama pale, watu wananipita kushoto na kulia, nikiwaza zile kadi zangu nane nyingine na madarasa ya miaka thelathini ambayo hayakuwahi kupewa kadi wala kopo. Hao siwezi kuwafikia tena. Ninaoweza kuwafikia ni ninyi, ndiyo maana sijawatumia orodha tu. Kateni manila Jumatatu.